Kamba Iliyojibu Yenyewe

Mtu mmoja alikuwa na majaruba manne ya mpunga na kiu moja. Majaruba aliachiwa na baba yake. Kiu hakuachiwa na mtu, aliitafuta mwenyewe, na ilikuwa kubwa kuliko majaruba yote manne ukiyaunganisha na ya jirani. Jina la mtu huyo Kaspari. Alikunywa gongo miaka kumi na moja. Alikunywa mpaka mbu aliyemuuma alishindwa kuruka, akarudi kwao kwa miguu. Alikunywa baiskeli, akanywa mabati ya nyumba upande wa mashariki, akanywa jembe na mpini wake. Msimu mmoja alikunywa mpunga ukiwa bado mbegu ndani ya gunia, na mwaka ule majaruba yakamea nyasi za kumficha ng'ombe pamoja na pembe zake.

Mkewe Kolumba alivumilia kuliko jiwe. Lakini siku moja gongo ilimwangusha Kaspari jikoni, sufuria ikapinduka, uji wa moto ukamwagikia mguu wa mtoto wao, Elista. Kolumba hakupiga kelele. Alimbeba mtoto, akavuka mto, akaenda kwao, akakaa huko.

Hapo ndipo Kaspari akaacha. Kuacha kwenyewe kulikuwa vita. Alitetemeka mpaka kitanda kikatembea kutoka ukutani kwenda mlangoni. Aliona sisimizi wakubwa kama mbwa, wanamwita kwa jina la baba yake. Angekufa siku ya pili, asingekuwepo jirani yake, mama mmoja mjane anaitwa Akwilina. Huyo alimburuta mpaka zahanati, akakaa naye siku saba. Mganga anachoma sindano, Akwilina anashika miguu. Na Akwilina alikuwa anajua anachokishika. Yeye mwenyewe zamani alikunywa pipa, akaomba na mfuniko alambe. Miaka tisa sasa hajagusa tone.

Siku ya nane Kaspari aliweza kushika kikombe kwa mkono mmoja. Akatuma neno ng'ambo ya mto: nimeacha, rudi. Jibu lililetwa na shemeji yake, na lilikuwa fupi.

"Dada kasema hivi. Lima. Mpunga ukikaribia kuiva atakuja na mtoto. Akikuta mpunga umesimama na wewe umesimama, anashusha mzigo. Akikuta kimoja kimelala, hata kwenye pikipiki hashuki. Anageuza, na safari hiyo hatumi neno tena."

Basi akalima. Alilima kama watu sita waliogombana. Mpunga ukaota, ukasimama, ukatoa masuke, masuke yakaanza kuingia maziwa.

Sasa, kwenye bonde lile kulima hakujawahi kumshinda mtu. Kinachowashinda ni ndege. Kweleakwelea ni kadege kadogo, ukikafumba kiganjani kanapotea. Ila hakaji peke yake. Wanakuja wingu zima, jua linazimika, kuku wanaingia bandani asubuhi wakidhani siku imeisha. Wakitua kwenye mpunga wenye maziwa, ukienda kumwita jirani, ukirudi unakuta mabua yamesimama kama watu waliofiwa. Ndiyo maana tangu masuke yatoke mpaka siku ya kuvuna watu wanaamia. Kuamia ni kupanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, na kombeo mkononi na mabonge ya udongo pembeni, kabla jua halijatoka mpaka lizame. Kila siku. Ndege hana Jumapili.

Na peke yako huwezi. Ukiwafukuza huku, wanatua kule. Kwa hiyo watu wa bonde lile wana kamba. Inaanzia dungu la kwanza kule juu mtoni, inapita madungu kumi na tisa mpaka la mwisho kwenye matete, na mwendo mzima imening'inizwa makopo: ya maziwa, ya rangi, ya mafuta ya kupikia. Mmoja akivuta, makopo ya jirani yanalia. Na kamba ina sharti lake moja. Ukivutwa, unajibu. Unavuta na wewe, ijulikane upo. Usipojibu, jirani anaacha mpunga wake, anashuka, anakuja kukuangalia. Labda umelala. Labda una homa. Labda nyoka. Hakuna mtu, awe mkubwa awe mdogo, aliyeruhusiwa kunyamaza.

Dungu la Kaspari lilikuwa la kumi. Upande wa juu yuko Akwilina. Upande wa chini yuko Desideri, mtu wa maneno mengi, mdomo wake ungelipwa angekuwa na ghorofa.

Siku ya kwanza Akwilina alimwambia, "Baba Elista, saa tatu asubuhi na saa kumi jioni ndizo mbaya. Ndege wanakuja saa hizo, na kile kingine kinakuja saa hizo hizo. Mimi nitakuvuta sana. Usichukie."

Akamvuta kweli. Kaspari akihisi ulimi unakuwa mkavu kama gome, makopo yanalia juu ya kichwa chake. Anajibu. Akianza kufikiria njia ile ya kwenda kwa mama pima anayeuza gongo, makopo yanalia. Anajibu. Kuna siku alijibu mara mia nne na bado jua lilikuwa kichwani.

Na kulikuwa na ndege mwingine. Mtu mmoja, Ngwembe, alipita bondeni karibu kila mchana na dumu la njano begani, anauza gongo kwa wanaoamia. Watu walimwamia naye. Akionekana tu kwenye dungu la kwanza, kamba inavutwa, makopo yanalia madungu kumi na tisa yote, hayanyamazi mpaka ametokea upande wa pili. Katikati ya kelele ile hakuna anayeweza kupanga bei wala kuomba kuonja. Ngwembe alikuwa anapita kakaza shingo kama kunguru aliyemwagiwa maji.

Hivyo Kaspari alimaliza siku arobaini za kuamia. Mashavu yakarudi. Mikono ikatulia, kombeo lake likawa linasifiwa. Alikuwa anampiga kweleakwelea jicho la kushoto na la kulia linabaki zima. Mpunga wake ulikuwa mzito, masuke yameinama kama yanasujudu. Wiki moja tu ilikuwa imebaki. Kolumba ametuma kusema atakuja Jumamosi.

Jumanne mchana, ndege wamepumzika, Kaspari alishuka kwenye mfereji wa maji kujaza kibuyu. Nyuma ya matete kulikuwa na watu wanaoga, na Desideri yumo.

"Sisi wa bonde hili tuna kazi mbili," Desideri alikuwa anasema. "Tunaamia mpunga, tunaamia na Kaspari. Tena mpunga una nafuu. Mpunga hauhitaji kuvutwa kamba kama mbuzi."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Ni kicheko cha mchana, cha watu waliochoka. Mwenyewe Desideri, siku Kaspari alipochelewa kujibu wiki iliyopita, alikimbia majaruba matatu miguu peku kwenda kumwangalia. Lakini hilo Kaspari hakulikumbuka. Alilibeba lile neno la mbuzi mpaka dunguni, akalikalisha pembeni yake, likakaa naye mpaka jua likazama.

Akawaza: Jumamosi Kolumba atakuja. Atauliza watu, mume wangu ameachaje? Watamwambia, tulimfunga kamba. Atanishushia mzigo mimi, au atawashushia wao? Siku arobaini za kamba, jamani. Mtu wa siku arobaini bado anavutwa! Isitoshe siku zile ndege walikuwa wamehamia bonde la pili, anga nyeupe toka asubuhi mpaka jioni. Na ile kiu, akijipapasa, haipo. Akajiambia vyote viwili vimekwisha.

Jumatano asubuhi akashika panga, akakata kamba pande zote mbili.

Angeishia hapo, asingeharibikiwa. Kamba ingelegea, Akwilina angekuja dakika ile ile kajishika kiuno. Lakini Kaspari alikuwa na akili, na akili ya mtu wa kiu ni kali kuliko wembe. Alikata fito mbili za mkole, mti ule unaotengenezewa pinde, zinazopinda bila kuvunjika. Akachimbia mmoja mpakani na Akwilina, mwingine mpakani na Desideri. Kila ufito akaufunga mwisho wa kamba ya jirani. Akajaribu kuvuta. Ufito ukainama, ukafyatuka, ukarudi wima, makopo ya jirani yakalia vizuri kabisa. Kuliko hata mkono wake.

Akapanda dunguni. Saa tatu Akwilina alivuta. Ufito ukajibu. Desideri alivuta. Ufito ukajibu. Kaspari alitazama kwa mbali, akacheka peke yake, na kicheko kikamrudia. Juu ya kichwa chake makopo yalikuwa yananing'inia kimya.

Jumatano ikapita salama. Alhamisi ikapita salama, ila ulikuwa usalama mrefu, wenye saa arobaini na nane. Kaspari aligundua kwamba hajawahi kukaa peke yake tangu aache. Alihesabu masuke. Alizungumza na kombeo. Jioni aliposhuka hakupita kwa Akwilina kusalimia kama desturi, alizunguka kwenye tuta. Alikuwa hajaonja kitu, lakini alishatembea kama mtu aliyeonja.

Ijumaa mchana Ngwembe akaingia bondeni. Kule juu kamba ikavutwa. Dungu la kwanza, la pili, la tano, la tisa, makopo yanalia. Yalipofika mpakani kwa Kaspari ufito ukatikisika, ukarudi wima, basi. Kaspari alisikia kelele ya mbali, akadhani ni ndege wa watu.

Ngwembe alifika chini ya dungu, akasimama. Akageuza shingo huku na huku. Hakuamini.

"Kaspari! Upo kweli, au umehama?"

"Nipo."

"Mbona kwako hakuna kelele? Mwezi mzima napigiwa makopo kama mwizi wa kuku. Leo ndiyo nasikia hata miguu yangu." Akashusha dumu, akakaa kwenye kivuli cha dungu, akajifuta jasho. "Ngoja nipumzike. Mimi sikuuzii. Nimesikia umeacha, hongera. Nimekaa tu, kwa sababu hapa ni kimya."

Na kweli hakumshawishi. Alifungua mfuniko ajitilie mwenyewe kidogo, na harufu ikapanda ngazi za dungu, moja, mbili, tatu, kama mtu anayejua njia. Kaspari alitazama juu. Makopo yalikuwa hayatikisiki. Alisubiri yalie. Mungu ni shahidi, alisubiri. Angenyoosha mkono mmoja tu akavuta kamba ile, kelele ingetoka madungu kumi na tisa, Ngwembe angekimbia. Lakini kamba haikuwepo.

"Nipe ya kuondoa vumbi," Kaspari akasema.

Alipewa ya kuondoa vumbi. Kisha ya kuondoa ile ya kwanza. Ngwembe alipoondoka, aliacha nusu dumu.

Saa kumi kasoro ndege wakarudi. Bonde la pili walikuwa wamelimaliza, hata paa za nyumba waliacha zimenyonyolewa. Wakaja na njaa. Wingu lilitokea upande wa mto, kivuli chake kikapita juu ya majaruba kama blanketi linalovutwa. Watu wakapiga yowe, mabonge yakaruka, makopo yakalia mpaka mengine yakatoboka. Kila walipotaka kutua, kelele. Wakainuka, wakazunguka, wakatafuta. Ndege naye anasikiliza. Waliona majaruba manne mazito, yameiva, hayana sauti.

Akwilina aliwaona wanashuka kwa Kaspari. Akavuta. Kamba ikajibu.

"Yupo," akasema. "Atawafukuza."

Akavuta tena. Ikajibu tena. Kwa upande wa chini Desideri akavuta, ikajibu, akampigia kelele jirani yake wa chini: "Leo huyu bwana anajibu upesi kuliko siku zote! Wacha tushike ya kwetu!"

Wakashika ya kwao. Hakuna aliyeshuka, kwa sababu hakuna aliyenyamaziwa.

Saa kumi na moja na nusu ndege waliinuka. Hapo Akwilina alishuka mbio, kwa sababu alikuwa ameona rangi ya shamba imebadilika. Majaruba mawili ya kwake mwenyewe yalikuwa yameliwa, ndege walipitia kwa Kaspari wakaingia kwake kwa mgongo. Alipita hapo hapo, hakuyatazama. Alipofika mpakani akaona ufito. Akavuta kamba kwa kidole kimoja. Ufito ukainama, ukarudi, makopo yake mwenyewe kule nyuma yakalia.

"Siku tatu," akasema, na hapakuwa na wa kumsikia. "Siku tatu naongea na mti."

Kaspari alikuwa chini ya dungu, uso kwenye matope, pumzi zinatoka kama za mtu anayevuta jiwe. Akwilina alimgeuza ubavu asipaliwe na matapishi, akamwekea goti lake chini ya kichwa. Ndivyo walivyokuwa pikipiki ilipotokea kwenye tuta. Kolumba hakungoja Jumamosi. Elista alikuwa amesumbua, anataka kumwona baba yake anavyopiga kombeo, sifa zilikuwa zimevuka mto.

Dereva akazima. Kolumba alikaa pale pale juu ya kiti, mtoto mbele yake, mzigo wa khanga mgongoni. Alitazama mabua. Alitazama dungu. Alimtazama mumewe. Hakuna alichokiruka.

"Mama, baba amelala?" Elista akauliza.

"Amelala."

"Nikamwamshe?"

Kolumba aliweka mkono kwenye mguu wa mtoto, pale penye kovu. Akwilina aliinua kichwa, akafungua mdomo aseme kitu, siku arobaini, kamba, chochote, lakini wanawake wale wawili walitazamana na kila mmoja akaona maneno hayatoshi. Kolumba akamgusa dereva begani. Pikipiki ikageuka.

Jumamosi asubuhi Kaspari alikuwa amekaa chini ya ngazi ya dungu. Alikuwa na kichwa cha watu watatu na ulimi wa marehemu. Shambani hakukuwa na hata suke la kumwekea kuku. Akwilina alikuja na kamba mpya begani, na Desideri nyuma yake amebeba makopo. Desideri siku hiyo hakuwa na utani wowote. Macho yalikuwa mekundu.

"Dada Akwilina, mimi sikatai," alisema kwa sauti ya chini. "Ila tumfungie ya nini? Hana kitu. Ataamia mabua?"

Akwilina aling'oa ufito wa kwanza, akang'oa wa pili. Akaunga kamba, akaipandisha dunguni, akaikaza, akatundika makopo moja moja. Kisha akashuka, akasimama mbele ya Kaspari.

"Panda."

"Nilinde nini, mama? Kolumba kaenda, umeniambia mwenyewe. Mpunga hakuna."

"Mimi majaruba yangu mawili umewalisha ndege," Akwilina akasema. "Nina hasira nawe, itachukua mwaka mzima kuisha. Lakini miaka tisa navutwa na kujibu, na misimu minne katika hiyo nilikuwa sina hata punje shambani. Panda."

Akaondoka. Hakugeuka kutazama kama amepanda. Desideri naye akaenda kwake.

Kaspari alikaa. Jua likapanda. Ile nusu dumu aliyoiacha Ngwembe ilikuwa bado kwenye nyasi, imebaki vidole viwili. Kutoka pale alipokaa alikuwa anaifikia kwa mkono wa kushoto, na mwisho wa kamba, uliokuwa umening'inia ngazini, alikuwa anaufikia kwa mkono wa kulia.

Ilipofika saa tatu, makopo yakalia juu ya kichwa chake.

Nyinyi mnaonisikiliza, msiniulize alifanya nini. Niambieni nyinyi: mtu ambaye hana tena cha kulinda, akivutwa kamba, anamjibu nani?